Hesabu ya Siku Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, kitabu cha logi kilichochanika jalada, na penseli mbili. Ilikuwa ofisi ya upimaji wa ardhi hapa Sumbawanga, chumba cha nyuma, na cheo changu kilikuwa karani wa mahesabu. Wapima walikwenda porini na mashine zao za kupimia pembe, wakarudi na madaftari yenye vumbi, nami nikazigeuza zile pembe kuwa mipaka ya viwanja. Kompyuta hazikuwepo. Tulijumlisha kwa mkono na kuhakiki kwa mkono, na ukikosea tarakimu moja asubuhi, mchana wote umekwenda. Nayasema haya kwa sababu vijana huniuliza binti wa wakulima wa ulezi aliingiaje kwenye kazi ya kuhesabu mawe ya angani. Niliingia kwa mlango wa viwanja.

Mpima Mkuu wa Mkoa alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maelezo marefu. Mwezi wangu wa kwanza alinikuta nikihangaika na kiwanja kimoja kilichokataa kufunga. Kufunga maana yake ni hivi: ukizunguka kiwanja kutoka kigingi hadi kigingi, hesabu lazima ikurudishe kwenye kigingi cha kwanza. Isipokurudisha, ile tofauti ndiyo kosa la kufunga. Mimi nilikuwa nikiigawa tofauti ile kidogo kidogo huku na kule ili isionekane.

"Binti," akaniambia, "namba ikikataa usiibembeleze. Katafute aliyeipima."

Nilimtafuta. Alikuwa kijana aliyesoma mashine yake akiwa amechuchumaa upande mmoja kwa sababu ya jipu mguuni. Tangu hapo nilijua kwamba kosa lina tabia, na tabia hiyo ni ya mtu fulani.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kasesya, mpakani na Zambia, chini ya Msimamizi wa Kambi aliyekuwa anagombana na kila mtu isipokuwa redio yake. Tulipima eneo la maegesho ya malori. Kasesya kuna watu usiku na mchana, madereva, mawakala, wabadilisha fedha, na sijawahi kuwa mpweke vile. Sikuolewa. Wachumba walikuja wawili, wote wakaondoka wakisema ninawasikiliza kama ninayehakiki. Niliporudi mjini na kupanga chumba Majengo, majirani walianza kuniita sista, kwa utani kwanza, halafu wakazoea.

Sasa nije kwenye kituo cha kutazama anga, nilikohamia baadaye kuwa mtu wa mahesabu. Kilijengwa kilimani nje ya mji, kwenye nyasi tupu ambako upepo wa Ufipa haukutani na kitu cha kuuzuia. Kulikuwa na darubini moja ya wastani, kamera yake, chumba cha mahesabu na stoo. Kazi yetu ilikuwa kufuatilia asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua kama dunia inavyolizunguka, mengine madogo kama nyumba, mengine makubwa kama mlima. Kwenye picha, asteroidi ni nukta tu. Ukipiga picha tatu za sehemu ileile ya anga kwa kupishana dakika ishirini, nyota zinabaki palepale, nukta inasogea. Unapima imesogea kiasi gani ukilinganisha na nyota, unaandika saa, na kutokana na mahali na saa unakokotoa mzingo, ile njia yake ya kulizunguka jua. Ukiujua mzingo unajua jiwe litakuwa wapi wiki ijayo, na wenzako wa nchi nyingine watajua waelekeze wapi darubini zao. Usipoujua, jiwe linapotea. Linaenda zake gizani na hakuna wa kulirudisha.

Watumishi tulikuwa watatu. Mkuu wa Kituo alisafiri mara kwa mara. Bwana Dismas ndiye aliyekuwa mwangalizi wa usiku, na mimi nilikuwa wa mchana. Yeye alipiga picha na kwenda kulala, nami nikaja kuzihesabu. Katika miaka kumi na moja sidhani kama tulikaa pamoja zaidi ya mara ishirini. Tulijuana kwa daftari la zamu. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wake, wa kulia wangu.

"Upepo mkali, picha sita tu. Nimekuachia chai kwenye chupa," aliandika.

"Asante kwa chai. Picha ya nne imetikisika. Pole na baridi," nami nikajibu.

Niseme wazi, maana nimezeeka na sina wa kumwonea aibu: ukurasa ule wa kushoto ndiyo maongezi niliyokuwa nayo. Nilikuwa nikifika asubuhi naufungua kabla ya kuvua koti. Siku aliyoandika kwamba binti yake amepata kipaimara, nilifurahi kutwa nzima kama shangazi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, moshi wa nyika ukiwa umepungua na mawingu ya kwanza yanaanza kukusanyika upande wa Zambia, nilikuta nukta isiyo kwenye orodha yoyote. Ilikuwa inakimbia. Mawe ya kawaida hujikokota, lakini hili lilivuka picha kwa haraka, maana lilikuwa karibu na dunia na lilikuwa likiondoka. Bwana Dismas alilifuata kwa usiku nne. Nilituma vipimo kwenye ofisi ya kimataifa inayopokea taarifa kama hizo, na kwa mara ya kwanza jina la kituo chetu likawa kando ya kitu kipya.

Halafu mzingo ukakataa. Kila nilipoukokotoa, jiwe lilionekana mahali pengine, mbele kidogo au nyuma kidogo ya pale nilipolihesabia. Ile ofisi ikatuandikia kwamba vipimo vyetu havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe, na ikauliza kwa adabu kama hesabu zetu zimehakikiwa. Mkuu alinipigia simu akiwa Mbeya.

"Bi Sesilia, hesabu umezirudia?"

"Mara nne, Mkuu."

"Rudia ya tano. Mvua zikishika hatutaliona tena, na hakuna mwingine mwenye picha zake."

Sikurudia. Nilichukua karatasi nikachora zile tofauti moja moja. Zote zililala kwenye mstari wa mwendo wa jiwe. Hakuna hata moja iliyokwenda kando. Kama ingekuwa mahesabu au lenzi, zingetawanyika pande zote. Tofauti zinazolala kwenye mwendo ni za saa. Jiwe lilikuwa pale tuliposema, ila si wakati tuliosema.

Na saa zetu ziliandikwa kwa mkono. Umeme wa kilimani ulikatika mara nyingi, kila mara saa ya kompyuta ilipoteza majira, hivyo Mkuu aliagiza mwangalizi asome saa ya satelaiti iliyokuwa ukutani na kuandika wakati wa kila picha. Nikayafungua madaftari ya nyuma. Kila picha ya Bwana Dismas, miaka yote, ilikuwa kwenye dakika kamili ya ratiba. Hakuna mtu anayebonyeza kamera kwenye dakika kamili miaka kumi na moja.

Ijumaa ile, kwenye saa nne asubuhi, nilishuka kwa mguu kwenda kwake. Nyumba yake ilikuwa chini tu ya kilima na sikuwahi kuingia. Mkewe alinisalimu kwa Kifipa, akaenda kumwamsha. Alitoka amejifunga shuka, macho mekundu, anaogopa nimeleta msiba.

"Dada Sesilia, kuna nini?"

"Bwana Dismas, saa unazoandika, unazisoma ukutani?"

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaniambia kitu ambacho nilipaswa kukikumbuka mwenyewe: kabla ya kituo alifanya kazi miaka mingi Idara ya Hali ya Hewa.

"Ya kwanza naisoma ukutani, naisubiri kabisa. Zinazofuata ni za ratiba, naandika za ratiba. Kule tulifundishwa hivyo, dada. Kipimo cha saa tatu ni cha saa tatu. Ukianza kusoma dakika kumi kabla, ukamalizia kipimajoto dakika mbili baada, ni cha saa tatu. Ukiandika vingine mkubwa anakugombeza."

"Na ukichelewa kuzungusha darubini?"

"Nusu dakika, dakika moja. Vidole vikiganda, hata mbili." Akakaza shuka. "Ndilo lililoharibu hesabu za jiwe?"

"Mawe ya polepole yalikusamehe. Hili linakimbia."

Aliketi kwenye kigoda. Nilimweleza kwamba kosa linarekebishika. Picha ya kwanza ya kila usiku ilikuwa na saa ya kweli, na kompyuta, ingawa haikujua majira, ilijua muda uliopita kati ya picha na picha. Ningejumlisha tu. Lakini marekebisho yalihitaji sababu, na sababu ilihitaji idhini ya Mkuu.

"Mkuu anarudi Jumapili jioni," akasema. "Nipe hizo siku mbili, dada. Nimweleze mwenyewe, uso kwa uso. Si jambo la simu. Nimekosa, lakini nataka nilitamke kwa kinywa changu."

Nikamwambia, "Sawa, Bwana Dismas." Nililitamka kabisa, wala sikulimung'unya.

Nikapanda kilima. Kufika saa nane nilikuwa na saa sahihi, na mzingo ukafunga vizuri kuliko kiwanja chochote nilichowahi kukihesabu. Nilitoka nje kupunga upepo na kuona mawingu yamesimama kama ukuta, meusi. Nikawaza: siku mbili, jiwe linafifia, na kila siku inayopita sehemu ya kulitafutia inapanuka. Wenzetu wa nchi za mbali wakikosa mara moja, hawatajaribu tena kwa ajili ya kituo kisichojulikana. Hayo niliyawaza kweli. Ila nisiwadanganye, niliwaza na lingine: kwamba kuna watu wanaoamini hesabu zangu ni chafu, nami ninajua ni safi.

Saa kumi nilimpigia Mkuu.

"Sababu?" akauliza.

"Saa za picha, Mkuu. Ziliandikwa za ratiba."

"Aliyeziandika?"

Nikajibu, "Mwangalizi."

"Iandike hivyo, utume sasa hivi. Kipimo kikibadilishwa bila sababu ni uongo wa pili."

Nikaandika, nikatuma. Usiku wa tatu baada ya pale darubini ya nchi nyingine ililikuta jiwe palepale tulipowaelekeza. Ile ofisi ikatushukuru. Baada ya miaka likapewa namba ya kudumu, na wagunduzi wameandikwa kuwa ni kituo.

Bwana Dismas alikuja Jumapili jioni amevaa koti lake la kanisani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimebaki kwa ajili ya Mkuu. Alisimama mlangoni na kuanza kusema, Mkuu akamwinulia mkono.

"Nimeshaelezwa. Utapangiwa stoo."

Hakunitazama. Alisema "Ndiyo, Mkuu," akatoka. Alifanya kazi ya stoo mwezi mmoja, akaomba kuacha, akarudi kwao Mwazye kulima. Daftari la zamu liliondolewa ilipokuja kamera inayojiandikia saa yenyewe. Wiki zile za mwisho kijana aliyeshika zamu hakuwa na la kuandika, na ukurasa wa kushoto nilikuwa naufungua mweupe. Niliendelea kuufungua.

Nimestaafu sasa. Nina kompyuta ndogo niliyoagwa nayo, na mchana wa mstaafu ni mrefu. Mnaoanza kazi mtaambiwa na wengi kwamba mstaafu anapumzika, lakini mimi nilirudi kwenye jiwe lile. Nilitaka kujua jambo moja ambalo siku ile sikulihesabu, ingawa kuhesabu ndiyo ilikuwa kazi yangu: ningetuma Jumapili badala ya Ijumaa, lingepotea? Nilikokotoa upya. Sehemu ya kulitafutia ingepanuka, ni kweli, kutoka robo ya upana wa mwezi mpevu hadi karibu nusu yake. Darubini iliyolipata huona, kwa picha moja, upana wa mwezi mpevu mara kadhaa. Na jiwe lilikuwa bado linang'aa vya kutosha. Nilirudia mara tatu, nikitamani nikosee.

Mwaka huu, wakati wa mavuno ya ulezi, nilipanda gari kwenda Mwazye. Nilimkuta uwanjani anapura, nywele zimekuwa nyeupe. Mkewe aliniletea kiti. Sikutaka kuzungukazunguka.

"Bwana Dismas, zile siku mbili ulizoniomba. Nimezihesabu. Zilikuwepo."

Aliendelea kupiga masuke kidogo, kisha akaegemea fimbo.

"Kwa hiyo jiwe lisingepotea."

"Lisingepotea. Na mimi nilikuwa nimekuambia sawa. Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia, dada," akasema.

Tulikula ugali wa ulezi na maharage. Aliniambia habari za mvua, za bei ya mbolea, za mjukuu anayesoma Sumbawanga. Kuhusu jiwe hakuuliza, nami sikumwambia liko wapi sasa, ingawa ninajua. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama nami mpaka gari likaja, akanipa mkono na kuniambia, "Karibu tena," kama anavyoambiwa mgeni yeyote.