Nyuki wa Kijani Waliopenda Jasho Langu

Siku niliyopelekwa kuposa, nilitoka jasho mpaka kanzu ikanigandama mgongoni. Hiyo ni Likoni, zamani, mimi kijana sina hata ndevu za maana. Ami yangu ndiye aliyekuwa msemaji; mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kitako na kutulia. Nikakaa. Jasho likanitona kidevuni, to, to, juu ya mkeka wa watu. Mzee mwenye nyumba akanitazama, akauliza, "Kijana, wewe mgonjwa?" Nikamwambia, "La, mzee wangu. Ndivyo nilivyo." Mke nilipewa, lakini nyuma ya pazia walicheka, na mmoja wa waliocheka ndiye huyo niliyemwoa. Hata leo akitaka kunikomesha, hunikumbusha ule mkeka.

Nimeanzia mbali, najua. Lakini bila jasho hilo nisingekuwa na la kuandika.

Sasa twakaa Utange, watoto wameshatawanyika isipokuwa binti yetu wa mwisho. Msimu wa kaskazi uliopita nilikuwa uani, kifua wazi, nakuna nazi. Akatua mdudu mkononi mwangu. Mdogo, kama punje ya mchele, na kijani! Si kijani cha jani. Kijani kile cha mkia wa jogoo mweusi akigeuka juani, mara dhahabu, mara kama shaba. Akatoa kiulimi akaanza kunilamba jasho. Mara akaja wa pili, na wa tatu. Wallahi, nazi niliisahau. Maisha yangu yote watu wanalikimbia jasho langu, leo wametokea wanaolifuata!

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa na kitabu cha kutazama. Nilitazama wao wenyewe. Mke wangu hufagia uwanja kila alfajiri mpaka udongo unang'aa, na hao wadudu udongo mtupu kama huo ndio wanaoutaka, wachimbe matundu yao. Kila tundu ni dogo, hata njiti ya kiberiti haina nafasi ya kugeuka. Mke wangu akifagia, tundu laziba. Saa tatu wameshalifungua tena. Na mlangoni hukaa mmoja, kichwa chake kimeziba tundu barabara, kama bawabu. Mwenzake akirudi, bawabu hurudi nyuma kumpisha. Sisimizi akija, bawabu haondoki ng'o.

Siku moja nilikiondoa kifuu kilichokuwa karibu na tundu, nikakiweka hatua mbili kando. Maskini, mwenye nyumba aliporudi alizungukazunguka pale kilipohamia kifuu, anatafuta mlango usiokuwapo. Nikaona haya, nikakirudisha.

Na nikiri jingine. Tundu moja nililichimba kwa kisu, nione ndani. Njia yashuka chini, kisha vyumba pembeni, na katika chumba donge la unga wa manjano wa maua, mviringo, kama punje ya mtama. Juu yake yai moja jeupe, limepinda kama ukucha wa mtoto mchanga. Chakula chote cha mtoto kimewekwa tayari kabla hajazaliwa! Nikafukia. Usiku huo sikula vizuri.

Basi, zikaja habari kwamba wageni watakuja Jumamosi kumposa binti yetu. Mke wangu akautazama uwanja wake kwa macho mapya.

"Hawa nzi wa chooni nawaondoa."

"Si nzi, mama watoto. Ni nyuki."

"Nyuki wa kijani umemwona wapi? Wageni wakute nzi wa kijani wanatambaa mlangoni, waseme choo chetu kimefurika? Binti yangu hataaibishwa kama mimi nilivyoaibishwa na ule mkeka."

Mkeka ukishatajwa, mimi sina kesi.

Alhamisi asubuhi akaja mpiga dawa, mtu wa bara, mabuti miguuni, pampu mgongoni imeshajaa.

"Shikamoo mzee. Wadudu wako wapi?"

"Marahaba. Hapa hakuna wadudu."

"Usimsikilize," mke wangu akasema. "Ndio hao."

Akainama. "Aa, hizi ni nzi tu, mama. Nikimwaga kwa mashimo, hata dakika kumi haziishi."

Nikamuuliza, "Bwana, nzi ana mwiba?"

"Nzi haina."

"Basi nikamatie mmoja."

Akabana mmoja kwa vidole viwili. "Ai! Imenidunga!" Akakung'uta mkono. Mke wangu akacheka kabla hajajizuia.

"Umeona?" nikasema. "Tena huyo ni mwanamke. Dume hana mwiba, wala hachimbi."

"Kama nyumba hii," mke wangu akadakia.

Nikamshika mkono yule bwana nikampeleka nyuma ya jiko, kwenye mabilingani ambayo mke wangu huyaringia mtaa mzima. Nyuki mmoja alikuwa amening'inia chini ya ua la zambarau, amekumbatia vile vijiti vya manjano vya katikati. Mara, vrrr! Kama simu ikitetemeka mezani. Unga ukamdondokea tumboni. Bwana akatoa simu yake, akapiga picha, akaikuza kwa vidole. Miguu ya nyuma ilikuwa imejaa unga.

"Unga wa ua hili umefungwa ndani kama chumvi kwenye kichupa," nikamwambia. "Usipotikiswa hautoki. Wakifa hawa, mabilingani utayapata haba."

Akabaki ameinama kitambo kirefu. Tuliporudi uwanjani, mke wangu alikuwa amesikia yote, mikono ameikunja.

"Sawa, ni nyuki," akasema. "Lakini wakwe hawatainama kutazama miguu. Piga dawa."

Yule bwana akanitazama, akamtazama mke wangu, akatazama matundu. Bawabu wote walikuwa milangoni.

"Mama, nimesahau barakoa," akasema. "Hii dawa ni kali. Wacha niikimbilie, narudi saa hii."

Barakoa ilikuwa inaning'inia kwenye mfuko wake wa nyuma. Niliiona. Nikamtoa mpaka njiani.

Mke wangu akamfunikia chai aikute akirudi. Jumamosi wageni wakaja, wakapokewa, wakala, na posa ikapita, nyuki wakiingia na kutoka. Yule bwana nilimwona mara ya mwisho ile Alhamisi, akikata kona kwenye ua wa jirani, pampu yake bado imejaa mgongoni, na mpaka leo hajarudi.