Majina Matano Katika Barua ya Askari

Kwa miaka mitatu na ushei nilimtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Woodbridge, Virginia, katika nyumba inayotazama mto Potomac. Mimi nilipanga chumba Bladensburg, upande wa Maryland, kwa hiyo nilitoka kwangu alfajiri ili foleni ya barabara ya tisini na tano isinikamate. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikampikia uji wa shayiri, nikampa vidonge vyake. Alikuwa amepita miaka tisini. Macho yake yaliota ukungu katikati: aliuona mlango, lakini hakuuona uso wa mtu aliyesimama mlangoni. Ujanani alikuwa mwalimu, na mpaka mwisho alinirekebisha Kiingereza changu bila kunidhalilisha. Hakuwahi kunipandishia sauti. Inanibidi niliseme hilo, maana mambo yangekuwa mepesi kwangu kama angekuwa mkali.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, aliniomba nimsomee barua. Babu wa baba yake alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hii, upande wa Kusini, naye aliandika nyumbani karibu kila wiki. Mkewe, aliyebaki shambani na watoto, aliandika daftari la kila siku. Vyote vilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya dirisha la sebule, na bibi alivisikia kwa masikio ya kutamani, kwa sababu zamani alivisoma mwenyewe.

Mwandiko ule ulinishinda kwa wiki kadhaa. Herufi zililala kama majani yaliyopigwa na upepo. Lakini bibi alikuwa anajua sentensi nyingi kwa moyo, akinisaidia nilipokwama, na baada ya miezi miwili niliujua mkono wa yule askari kuliko ninavyoujua wangu. Aliomba soksi. Alilalamika juu ya chawa na mvua. Alieleza jinsi rafiki yake alivyokufa kwa kuhara damu, akiita jina la dada yake. Mkewe naye aliandika kwamba chumvi imekwisha wilaya nzima, wakachimba udongo wa kibanda cha kukaushia nyama, wakauchemsha ili wapate chumvi iliyodondoka humo miaka ya nyuma.

Siku niliyosoma habari ya chumvi nilishindwa kuendelea. Kwetu ni Uvira, mashariki ya Kongo. Vita vilipotukimbiza milimani, mama yangu alitupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila chumvi kwa zaidi ya mwezi, na mdogo wangu alilia kwa ajili ya chumvi kabla ya kulia kwa ajili ya baba. Nilimweleza bibi. Aliutafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaushika, akasema vita ni vilevile kila mahali.

Nilimwamini kwa muda. Halafu, wiki chache baadaye, nilirudia ukurasa uleule na nikaona nilichokiruka. Mwanamke yule aliandika kwamba wamechimba. Mistari mitatu chini aliandika kwamba amewatuma watu wake wachimbe. Watu wake, yaani watumwa wake. Nilikuwa nimemlilia mwenye shamba, na waliochimba sikuwaona.

Lazima sasa niseme habari za kaka yangu mkubwa. Alikuwa anasomea ualimu. Kundi moja lenye silaha lilipopita mtaani kwetu alikwenda nalo, wengine wanasema kwa hiari, mama anasema kwa lazima, na yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia. Alituandikia barua saba kwenye karatasi zilizochanwa kwenye daftari la shule. Wanawake wanaouza mawese walituletea, wakizificha kwenye vitambaa vya kichwani. Baada ya ile ya saba hatukupata nyingine, wala maiti, wala kaburi. Nilipoondoka nchini mama alinipa zote saba nizihifadhi, maana nyumba yetu ilishachomwa mara moja na hakuamini tena kuta.

Nilipofika Maryland niliomba hifadhi. Wakili wangu alinifafanulia kwamba mtu aliyelisaidia kundi lenye silaha kwa chochote, hata kama aliyemsaidia ni ndugu yake, anaweza kufungiwa mlango. Katika barua ya nne kaka aliandika: “Dada, asante kwa dawa na betri. Zimefika.” Dawa zile zilikuwa vidonge vya malaria, na betri za tochi. Wakili hakuniambia nifanye lolote. Nilirudi chumbani, na kwa kuwa nilikiogopa king'ora cha moshi sikuthubutu kuwasha moto. Nilizichana zote saba, nikaziloweka kwenye beseni pamoja na sabuni ya vyombo. Wino wa kalamu ulitoka, maji yakawa ya buluu. Nilikamua karatasi kama ninavyokamua nguo, nikazitupa.

Siku ya mahojiano afisa hakuniuliza hata swali moja juu ya kaka yangu. Aliuliza kama nina maandishi yoyote ya kuthibitisha kwamba tulikuwa vitani. Nilisema sina. Walinipa hifadhi, na mama nikamwambia barua ziko salama.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyokaa katika sebule ile nikimsomea mwanamke mwingine barua za askari wake, zikiwa zimetenganishwa moja moja kwa karatasi laini ili zisichakae.

Alasiri moja ya kipupwe nilitoa barua iliyokuwa chini kabisa, imekunjwa mara nne. Nilianza kusoma bila kumwuliza. Askari alimwagiza mkewe awauze watu watano kabla jeshi la Kaskazini halijaufikia mto, kwa sababu likifika watatoroka na hasara itakuwa yao. Aliwataja kwa majina, mama mmoja na watoto wanne, na umri wa kila mtoto. Kisha akaandika, kwa mkono uleule wa kuomba soksi: “Mama mtume kisimani kwanza, watoto wachukuliwe akiwa huko. Asipoona hatapiga kelele.”

Nilisoma hadi mwisho kwa sababu ulimi ulikuwa umeshazoea kwenda. Bibi alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha.

“Hiyo huwa hatuisomi,” alisema. “Irudishe chini.”

Nikairudisha.

Kila Jumanne alikuja muuguzi kumpima bibi shinikizo la damu na kumwangalia miguu. Alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi wa makamo, aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park kwa mapenzi tu, na alikisema kwa uangalifu, akipanga kila ngeli mahali pake. Mara ya kwanza aliponisalimu kwa “U hali gani?” nilicheka mpaka nikaomba radhi. Kwetu tungesema “Uko muzuri?” basi. Tulikuwa marafiki. Alikuwa ameniambia kwamba wazee wake walitoka kaunti hiyohiyo ya kando ya mto, na kwamba ametafuta kwa miaka mingi bila mafanikio, kwa sababu kabla ya uhuru wao vitabu vya serikali viliwahesabu kwa umri na jinsia tu. Mwanamke, thelathini. Mtoto wa kiume, sita. Majina hakuna.

Nilimweleza habari ya ile barua tukiwa nje, karibu na gari lake. Bado sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu mwingine aibebe. Aliniuliza kama ina majina. Nikamwambia yapo matano.

“Dada, sikuombi uibe,” alisema. “Nakuomba unipigie picha. Karatasi ibaki palepale.”

Nilimwambia nitaona. Wakati huo ombi langu la uraia lilikuwa linasubiri. Niliwaza kwamba nikishtakiwa kuchukua siri za nyumba ya mtu, hata picha, nitaulizwa, na nikiulizwa nitajikuta nimerudi mbele ya afisa. Muuguzi mwenyewe hakuweza kulifungua sanduku la mgonjwa. Kazi yake ingekwisha siku hiyo, na hilo alinieleza waziwazi. Jumanne iliyofuata aliniuliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa. Iliyofuata pia. Halafu akaacha kuuliza, akawa ananisalimu kwa Kiingereza.

Simu yangu ilikuwa mfukoni siku zote. Bibi alilala kila siku baada ya chakula cha mchana, karibu saa mbili nzima, nami nilikaa hatua nne kutoka kwenye sanduku nikikunja mataulo. Hakuna aliyenizuia.

Majira ya kuchipua bibi alipata nimonia, akafa baada ya siku tisa. Nilikuwepo. Nilimfunga kidevu kwa leso kama tunavyofanya kwetu, na binti yake, ambaye naye sasa ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, alinishukuru kwa machozi.

Baada ya mazishi binti aliniomba nimsaidie kupanga nyumba. Barua zilikuwa zimeahidiwa maktaba moja ya mjini. Alinipa glavu nyeupe za pamba, akavaa zake, tukakaa kwenye meza ya kulia chakula tukizipanga kwa tarehe katika makasha maalumu ya karatasi. Alishangaa kuona ninaujua mwandiko ule kuliko yeye. Tulifanya kazi hiyo asubuhi nzima, tukifurahi hata, akinisimulia vituko vya mama yake darasani.

Ile iliyokunjwa mara nne ilikuwa ya mwisho. Aliifungua akaisoma polepole, midomo ikicheza. Nilimwangalia. Aliirudia mara ya pili. Kisha akainuka, akaenda chumba kilichokuwa ofisi ya marehemu baba yake, na nikasikia mashine ya kukatakata karatasi ikiwaka. Ilinguruma kwa muda mfupi sana. Barua ilikuwa ya karatasi moja.

Aliporudi alikuwa amevua glavu.

“Mama asingependa watu wamkumbuke kwa hilo,” alisema.

Ningeweza kumjibu kwamba aliyetajwa humo si mama yake. Ningeweza kusema kuna mtu anayewatafuta watu hao. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha kasha kwa mikono miwili. Nilichosema ni hiki: nikuwekee chai? Akasema ndiyo, asante, na nikaenda kuchemsha maji.

Muuguzi nilimpigia Jumapili, tukakutana kwenye maegesho ya kanisa langu. Nilimweleza yote, hata la chai. Alitoa kalamu na kijitabu, akaniambia nimtajie majina. Nilikumbuka matatu: la mama, la mtoto wa kwanza, na la kitinda mimba, kwa kuwa lilifanana na la mpwa wangu. Mawili hayakuja. Nilifumba macho, nikajaribu kuiona karatasi, nikaona mikunjo tu.

Aliandika matatu yale. Aliniuliza ukoo wa mwenye shamba, nikamwambia, na hapo nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu ulikuwa mmoja kati ya koo mbili alizokuwa akizifuatilia tangu ujana wake. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa dada yangu mkubwa, na nilisubiri anitukane kama dada mkubwa.

“Bila karatasi,” alisema, “haya ni maneno yako tu. Hakuna atakayeyakubali.”

Nikamwambia najua. Niliwahi kukaa mahali palipotakiwa karatasi. Aliingia garini. Hatujaonana tena, ingawa namba yake ninayo.

Maktaba ilifanya hafla ndogo kuyapokea makasha. Nilialikwa, nikaenda kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Kwenye kabati la kioo waliweka barua ya soksi na ukurasa wa chumvi, na kibao kilichosema kwamba huu ni mkusanyo kamili wa familia moja wakati wa vita. Binti alihutubia. Alinionyesha kwa mkono, akasema bila mimi mama yake asingezisikia tena sauti hizo kabla ya kufa, na kwamba mimi ni mtu wa familia. Watu walinipigia makofi. Nilisimama kidogo, nikainamisha kichwa, nikakaa.

Wiki hiyohiyo nilimpigia mama simu nikamwambia ukweli juu ya barua za kaka. Nilidhani nitajisikia mwepesi.

“Ile ya mwisho,” mama akasema, “uniambie tu yenye ilisema. Mie sikujua kusoma, ulinisomea mara moja.”

Nikaanza. Nilijua iliongelea mvua, na kwamba mahali fulani kaka alimsalimia mama kwa jina la utani alilompa. Lakini kila nilipofungua mdomo yalikuja maneno ya yule mwingine: matope mpaka magotini, soksi za sufu, rafiki anayemwita dada yake, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza. Yale nimeyasoma kwa sauti kwa miaka miwili, mchana baada ya mchana. Ya kaka nilikuwa nayasoma kimoyomoyo, nikidhani karatasi zitakuwepo.

Nilimwambia sikumbuki vizuri.

“Haya,” mama akasema.

Bado tunaongea kila Jumapili. Ananieleza habari za mguu wake, na mafuriko ya ziwa yaliyokula nyumba za chini, na nani ameoa. Jina la kaka alikuwa akilitaja kila mara kabla ya kuaga, akiniambia niombe kwa ajili yake. Sasa anaaga tu.