Siku Shamimu Alipofunga Milango Yote

Shamimu Abdillah alizaliwa Nyamisangura, mjini Tarime, mtoto wa fundi cherehani. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi nyumbani wakati wa rashi, vijana walipokuwa wakimiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu. Yeye hakwenda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Aliajiriwa na Mzee Faraji, mfanyabiashara aliyepeleka chakula kwenye kambi za wachimbaji: mahindi na maharage kutoka Kenyamonta na Nyansurura, mbuzi, mafuta, sabuni.

Kambi zilizaliwa na kufa haraka. Leo watu wamejaa mahali, wiki ijayo wamehama wote. Kwa hiyo Mzee Faraji alilipia mfumo wa takwimu za biashara. Ukiufungua kwenye simu au kompyuta, unaona kambi ipi inanunua nini, stoo gani imepungukiwa, gari liko wapi. Tatizo lilikuwa moja. Ofisi nzima iliingia kwa neno la siri moja, na neno hilo lilibandikwa ukutani juu ya mashine ya chai.

Kabla Shamimu hajaajiriwa, ilikuja siku mpinzani wao wa biashara akawa anafika kwenye kila kambi mpya kabla yao. Ilikuwa wazi kwamba takwimu zinavuja. Akaunti iliyotumiwa na wote iliandikishwa kwa jina la Emanuel, kijana wa Kenyamonta aliyekuwa fundi wa kompyuta kabla ya Shamimu. Mzee Faraji hakuuliza mara mbili. Emanuel aliondoka akiitwa mwizi mbele ya wapakiaji, akarudi kwao kuchunga ng'ombe.

Shamimu alipopewa nafasi ile, jambo la kwanza aliloagizwa lilikuwa kumaliza mchezo huo.

"Nataka kila mtu aingie kwa jina lake," Mzee Faraji alimwambia. "Na akiondoka kazini, nimfungie mara moja, kote."

"Inawezekana, Mzee. Kila mtu atakuwa na akaunti moja tu, ile ya barua pepe ya kampuni. Akiifungua hiyo, mfumo wa takwimu unamtambua wenyewe. Tukiifunga, kila kitu kimefungwa."

Alifanya kazi ile kwa moyo. Aliwafungulia wote akaunti za barua pepe, akawaeleza mmoja mmoja, akaunganisha mifumo miwili. Asubuhi ya Jumatatu akabonyeza kitufe cha kufunga njia ya zamani, ili njia mpya ibaki peke yake.

Mfumo ukawakataa wote. Ukamkataa na yeye.

Wenye mfumo walipopatikana kwa simu, walimweleza kwa upole tu: alikuwa amefunga njia ya zamani kabla hawajathibitisha kwamba jina la kampuni kwenye mtandao ni mali ya kampuni kweli. Ilibidi aweke mstari wa herufi watakaompa wao, kwenye akaunti ambako jina lile liliandikishwa, ndipo njia mpya ifunguke. Na jina lile liliandikishwa na Emanuel. Namba ya kuthibitisha ingetumwa kwenye simu yake, si kwingine.

Siku hiyo hiyo rashi mpya ilikuwa imetoka, watu wanakimbilia huko, na hakuna aliyejua stoo ipi ina mahindi ya kutosha. Shamimu aliingia kwa Mzee Faraji, akasema yote, pamoja na kosa lake.

"Nenda kwa Emanuel," Mzee akasema. "Mimi sina uso wa kumtazama."

Shamimu alipiga simu. Ikapokewa na Bhoke, mke wa Emanuel.

"Mlimfukuza kama mbwa. Leo mnamtaka?"

"Shemeji, mimi sikuwepo. Lakini nimeharibu, na hakuna mwingine wa kunisaidia."

"Basi njoo umwambie machoni."

Akakodi bodaboda mpaka Kenyamonta, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alimkuta Emanuel akitengeneza boma la ng'ombe. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kubembeleza, lakini Emanuel alimwonyesha kigoda, akaosha mikono, akatoa simu mfukoni.

"Umefunga ya zamani kabla ya kuthibitisha?" akauliza.

"Ndiyo, kaka."

Akacheka kidogo. "Hata mimi ningefanya. Nisomee hizo herufi."

Walikaa pale mlangoni, Shamimu akisoma, Emanuel akiandika, Bhoke akiwatazama amekunja mikono. Namba ya kuthibitisha ikaja. Muda si mrefu ukurasa wa takwimu ukafunguka kwenye simu ya Shamimu, kwa jina lake mwenyewe. Machozi yakamtoka, akaona aibu.

"Kaka Emanuel, ungeweza kukataa."

"Madereva wa kampuni wangekosa mzigo. Hawakunikosea kitu," alijibu. Kisha, bila kumpa mtu yeyote muda wa kuomba, akabadilisha uandikishaji wa jina ukawa wa kampuni. "Mliponiondoa niliwaambia mfunge akaunti yangu. Sasa imefungwa. Nimefurahi."

Bhoke aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa. Akampa mgeni.

Jumapili Mzee Faraji alikwenda Kenyamonta mwenyewe. Shamimu, aliyekuwa naye, anasema mzee hakuzungusha maneno.

"Watu wanane tulitumia jina lako, nami nikakuchagua wewe. Aliyevujisha simjui mpaka leo. Angeweza kuwa yeyote kati yetu. Nilikudhulumu, mwanangu. Nisamehe."

Emanuel alisamehe, lakini ofisini hakurudi. Alikubali kazi nyingine: kununua mahindi ya kampuni Kenyamonta na Nyansurura, akiwa na akaunti yake na ng'ombe wake. Mzee aliwaita wapakiaji wale wale, akarudia msamaha mbele yao.

Rashi imepungua siku hizi, na Shamimu anafundisha ofisi nyingine za mji kuunganisha mifumo yao. Baba yake alimshonea Emanuel suti, akakataa kulipwa. Mavuno yakiingia, Shamimu huenda Kenyamonta kumsalimu Emanuel na mkewe, na Bhoke humtuma kwanza kisimani, kama anavyowatuma wadogo zake.