Mbuzi wa Kwenye Daftari Hawakohoi

Siku niliyomwambia mama yangu kwamba daftari langu haliwezi kukosea naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya upya. Juzi ulifungua kompyuta yako hapa mezani, ukanionyesha programu uliyoiandika inunue na kuuza fedha za kigeni yenyewe. Ukasema umeijaribu kwa bei za miaka mitano iliyopita na karibu kila mara imepata faida, na sasa unataka kuipa kiinua mgongo chote alichokukabidhi mama yako. Nikaendelea kunywa chai yangu. Ukadhani sijaelewa. Nilielewa sana.

Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia kila mtu afanye biashara. Kiwanda nilimokuwa karani kilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Kila mtu hapa Arusha akageuka mfanyabiashara, hata mwalimu wangu wa hesabu alikuwa anauza mitumba. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilipanda mpaka mnada wa Oldonyo Sambu, nikasimama pembeni na kuandika bei za mbuzi. Sikununua hata mkia. Kisha nikatunga kanuni: bei ikishuka minada miwili mfululizo, nunua, ikipanda, wauzie wachoma nyama wa Kwa Mrombo. Nikarudia kurasa zote tangu mwanzo, nikijifanya hapa nimenunua, pale nimeuza. Loo! Kwenye karatasi nilikuwa tajiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mbuzi wote niliokuwa nawapigia hesabu walikuwa wa wenzangu.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wadogo zangu wanne walimtegemea huyo. Nikamwomba amuuze anipe mtaji.

"Anza na mbuzi watatu, baba," akaniambia. "Tuwaone wakila majani."

"Mama, nimeshajaribu mwaka mzima!"

"Umejaribu kuandika."

Nikamcheka. Mama yangu mzazi, nikamcheka! Nikambembeleza wiki nzima mpaka akachoka, ng'ombe akaenda.

Nikamwajiri Mzee Lemburis, mfugaji wa kule kule Oldonyo Sambu, aliyewajua mbuzi kuliko mimi ninavyoijua sahani yangu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa zaidi. Kanuni yangu niliiandika kwenye kadi, nikamkabidhi, nikamwambia, "Fuata kadi, mzee wangu. Usiongeze la kwako." Nilitaka mambo yaende yenyewe, mimi nikae mjini nitafute wateja. Akaikunja kadi, akaitia kwenye mkoba wake.

Mwezi haukuisha, bei ikashuka minada miwili mfululizo. Kadi ilisema nunua, na Mzee Lemburis akanunua kwa fedha yote. Aliteremka na mbuzi ishirini na wawili, na kabla sijawaona niliwasikia. Walikuwa wanakohoa. Homa ya mapafu, mwanangu.

"Shikamoo, mzee. Hawa wana nini?"

"Marahaba. Wanaumwa. Ndiyo maana bei ilishuka. Mnada wote ulijua."

"Sasa mbona umenunua?"

"Kadi ilisema ninunue," akajibu bila hasira. "Na wewe ulisema nisiongeze la kwangu."

Niliwapeleka Kwa Mrombo hivyo hivyo. Hakuna mchoma nyama aliyewataka, na wiki mbili baadaye walibaki watano, wamekonda mbavu nje. Nyumbani chai ikawa ya rangi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anakitazama kikombe, kisha ananitazama mimi. Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Daftari lako halikudanganya, baba. Lilikuwa linasema ya jana."

Ilinichukua miaka minne kumnunulia ng'ombe mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu lililovunjika halikuwa langu. Lilikuwa la watoto, na hilo ndilo linaloniuma mpaka uzee huu.

Sasa nisikilize. Programu yako usiipe fedha bado. Iache isome bei za leo na kesho, ikuambie ingenunua nini, nawe uangalie tu, miezi kadhaa, bila kuweka hata senti. Ikifanya vizuri, ipe fedha kidogo, tena yako mwenyewe, ambayo ikipotea utakula na kulala kama kawaida. Hapo ndipo utajua makato ya kila unaponunua na kuuza, utajua bei uliyoiona siyo bei unayopewa, na utajua moyo wako unavyodunda. Iwekee mpaka: ikipoteza kiasi fulani, isimame papo hapo bila kukusubiri uamke. Na usiiache peke yake ukaenda kutafuta sifa mjini. Mashine haiulizi kwa nini bei imeshuka, wewe uulize. Ukiona jambo halieleweki, izime kwanza, aibu utaiona baadaye. Ukitaka kuongeza, ongeza taratibu, kwa maana aliyesimama kwenye ngazi ya kwanza akianguka huinuka, akajifuta vumbi.

Fedha ya mama yako mrudishie leo, kabla jua halijazama. Usingoje kesho.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki akili aliyokupa, akuongezee na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Na siku utakayopata, upate ukiwa bado unaweza kumtazama mama yako usoni.