Chenso Msibani

Niliichagua mwenyewe ile chenso, msumeno wangu wa injini, na niliichagua vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa mbovu ningekwisha kuitupa na kusahau.

Nilikuwa na mikorosho ya zamani huko Njinjo, imezeeka na kuacha kuzaa. Nilitaka kuiangusha nipande mipya, na miti yenyewe iwe kuni. Dukani Lindi mwuzaji aliniwekea misumeno mitatu ya injini juu ya meza. Mdogo ulikuwa mwepesi, lakini upanga wake, lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo, haukutosha hata kwa tawi nene. Mkubwa ulikuwa wa wapasua mbao. Nilijua nikiushika asubuhi, jioni sitainama kuvua viatu. Nikachukua wa katikati. Niliuinua, nikaushusha, nikamtaka mwuzaji auwashe na kuuzima mpaka akanichoka. Nikadai mnyororo wa akiba na tupa ya kunolea, maana kijijini kwetu mashine isiyo na akiba ni pambo la chumbani.

Mama alipoisikia mara ya kwanza alisema inapiga kelele kama mtu aliyeishiwa hoja. Kuni zake lakini alizipenda. Zilikuwa zimekatwa sawasawa na zinaingia jikoni bila kulazimishwa.

Balaa lilianzia misibani. Kwetu mtu akifa wanaume hugawana kazi, hawa wachimbe kaburi, wale wakate kuni za kupikia waombolezaji. Zamani kuni zilikuwa shughuli ya asubuhi nzima, kila mtu na shoka lake. Nilipoleta chenso ikawa kazi ya mtu mmoja. Msiba wa kwanza walinishukuru. Uliofuata walinitumia mtu. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kunoa shoka. Walikaa majamvini, wakisikia mngurumo kutoka mashambani wanaambiana kuni zinakuja. Na mimi, mjinga, nikajiona mtu wa maana.

Kisha mama akafariki.

Nilikuwa mwanawe wa kiume pekee. Mwanamke hupokewa kaburini na ndugu zake wa damu, na tangu alipoanza kuugua nilijua nitashuka mimi, nimpokee kwa mikono yangu, nimlaze. Sikutaka kitu kingine siku ile. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa jamvini nimeinamisha kichwa alipokuja mtani wetu, mtu wa kabila ambalo tunataniana nalo tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote msibani, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Akasimama katikati ya watu.

"Jamani, tajiri wa chenso kafiwa na mama yake, halafu wapishi wanaokota vijiti. Inuka, bwana. Au mama azikwe na watu wenye njaa?"

Watu wakacheka. Hata mjomba wangu, kaka yake marehemu, alicheka. Nikangoja mmoja wao aseme mwacheni, mfiwa haendi kuni. Hakutokea. Wala hapakuwa na shoka hata moja lililoletwa. Nikainuka.

Shambani nilivua kanzu nikaitundika kwenye tawi, simu ikiwa mfukoni. Nilikata kwa hasira, na chenso haitaki hasira. Gogo lilikaa vibaya, likaubana upanga, nikahangaika na kabari mpaka ukachomoka. Nikaendelea, nataka nimalize nirudi. Simu ililia ndani ya kanzu na mngurumo ukaifunika. Nilipozima mashine ndipo nikaona jinsi walivyonipigia, mmoja baada ya mwingine.

Nilikimbia. Nyumbani nilikuta wanawake tu. Makaburini nilikuta wanaumwagia maji udongo. Hata sala ya jeneza ilikuwa imenipita. Mjomba akanishika bega na kuniambia kwa upole, "Sheikh hakutaka acheleweshwe, baba. Tumekulazia mama yako vizuri." Nilikuwa na unga wa mkorosho mpaka kwenye nyusi.

Siku ile chakula kiliiva mapema. Watu walikula wakashiba, na niliwasikia wakiisifu chenso. Mtani alikuja kukaa pembeni yangu, akalia machozi ya kweli, akanipa mkono nikaupokea. Mpaka leo tukikutana ananitania, nami nacheka kama inavyotakiwa, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Mimi nimemkasirikia. Nimemkasirikia yeye, na mjomba, na kila aliyecheka pale jamvini, na hasira haipungui. Nyumbani kwangu kila mmoja wao anakaribishwa chai, na hakuna anayejua.