Mplamu Uliovuliwa Majani

Kwa miaka minne mplamu wangu ulikuwa mti uliopendeza kuliko yote katika boma la mama mkwe wangu, na haukuwahi kutoa hata ua moja. Majani yake yalikuwa mapana na mazito, ya kijani kilichokolea, na wageni waliokuja kunywa chai hawakukosa kuuliza jina lake. Mama mkwe aliwajibu bila kunitazama: "Hiyo ni mti ya mwalimu. Inaitwa majani."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha jiografia katika shule ya upili mjini Embu, na nyumba yetu iko mtaa wa Majimbo, ambako ua wetu wote unatosha kamba mbili za kuanikia nguo. Nilipoingiwa na hamu ya kukuza plamu, ilinibidi niombe ardhi kwa mama wa mume wangu, anayekaa juu, karibu na msitu, pale mashamba ya majani chai yanapoishia na ukungu unapoanzia. Alinionyesha nafasi upande wa chini wa zizi lake, akasema, "Panda hapo. Kama ni ya kukua itakua."

Aina niliichagua mwenyewe, na kwa makini. Muuza miche alikuwa na mbili, zote zimepandikizwa juu ya mashina ya pichi. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa na kila mtu. Ya pili, alisema, asili yake ni nchi za theluji, haitaki mwenzake wa kuichavusha, na haiogopi baridi hata kidogo. Nikaikumbuka Julai ya kule juu, vidole visivyoweza kufunga vifungo, mama mkwe amevaa sweta mbili na kofia ya sufu mpaka jikoni. Nikanunua ile isiyoogopa baridi, na nilirudi nyumbani nimejiona mtu mwenye busara kuliko wanunuzi wengine wote wa siku ile.

Sasa naweza kulieleza kosa langu bila kuona haya. Mti wa nchi za theluji hauivumilii baridi tu, unaitegemea. Baridi ndiyo inayouamuru ulale, uangushe majani, kisha uamke na maua. Na baridi yetu, hii tunayoilalamikia kila asubuhi, kwa mti ule ilikuwa hali ya hewa ya matembezi. Haukulala. Ulikaa macho miaka minne, ukila. Nami niliulisha vizuri: samadi ya zizini debe baada ya debe, na maji ya kuoshea vyombo kiangazi kizima. Kila mwaka nachora ubaoni dunia na jua lake, nawafundisha watoto wa watu kuhusu misimu minne ya nchi za mbali, wala haikunijia siku moja kwamba nina mgeni wa misimu hiyo kando ya zizi, anayesubiri majira ambayo hayatafika.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, mama mkwe aliniita tusimame mbele ya mti. Mtamba wake alikuwa na mimba na zizi lilikuwa la ng'ombe wawili tu. Upande wa juu wa zizi kuna mteremko mkali wa jirani. Upande wa chini kulikuwa na mplamu.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na mti yako," alisema. "Lakini fundi anakuja kupanua zizi mvua ya Oktoba ikikaribia. Ng'ombe inanipatia maziwa. Hii inanipatia kivuli, na huku kwetu kivuli tunapewa na Mungu bure."

"Na ikitoa maua kabla ya fundi?"

Alicheka. "Ikitoa maua tutaongea."

Sikumweleza jinsi maneno yale yalivyonigusa. Nimeolewa katika boma lile kwa miaka ishirini na miwili. Sufuria za kule ni zake, viti ni vyake, hata kiasi cha chumvi ninachotia kwenye chakula nikiwa kule ni kiasi chake, na sina kinyongo, kwa sababu alinipokea vizuri na anapika kunishinda. Lakini katika boma zima mti ule ulikuwa kitu pekee ambacho watu walikitaja kuwa changu, hata kama walikitaja kwa kucheka.

Nilienda nyuma ya jikoni, nikampigia simu baba yangu.

Baba ni mkulima wa miraa karibu na Muthara, huko Tigania, Meru, nilikozaliwa. Hajawahi kupanda plamu, na nadhani hajawahi kuila. Nilimweleza kwa Kimeru kwamba nina mti wenye majani tele usiotaka kuzaa.

"Unakula nini?" akauliza.

Nikamtajia samadi, nikamtajia maji ya vyombo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Binti yangu, umeufuga huo mti kama nguruwe wa Krismasi. Uzae kwa nini? Una haraka gani?"

"Nifanye nini, Baba?"

"Acha kuulisha. Acha kuunywesha. Halafu uvue majani yote. Yote kabisa, usiubakishie hata moja la kujifunika. Ukiona uko uchi utaamka."

Nilijua anachosema, kwa sababu nimekiona. Kwetu mwanamke hapandi mti wa miraa wala hauchumi. Kazi hiyo ni ya wanaume, na nilipokuwa msichana nafasi yangu ilikuwa chini, nimeshika majani ya mgomba ya kufungia mafungu. Kutoka pale chini niliitazama mikono ya baba ikiupurura mti uliozembea, tawi baada ya tawi, mpaka ukabaki fito tupu. Na baada ya wiki chache nikaviona vichipukizi vyekundu vikitoka kila mahali, kama mti umekasirika.

"Nivue mimi mwenyewe?" nikauliza.

"Kwani huo ni miraa?"

"La."

"Basi hakuna mzee atakayekuuliza."

Mama mkwe alikuwa ametokea na ndoo ya maziwa. "Ni muthoni huyo?" akanong'ona. Muthoni ni mkwe, na kwetu, Meru na Embu, wakwe huheshimiana mpaka heshima yenyewe inakuwa kazi. Baba na mama mkwe walikuwa wamekutana katika sherehe chache, kila mmoja akisalimia huku anatazama ardhi, na nje ya hapo hawakuwahi kuzungumza. Niliweka simu kwenye spika. Kwa kuwa mmoja anasema Kimeru na mwingine Kiembu, wakakutana kwa Kiswahili, na mimi nikiwa katikati.

"Mwambie muthoni namsalimia sana," alisema mama mkwe, ameipa simu kisogo.

"Nimesikia," ikajibu simu. "Mwambie na mimi namsalimia. Na umwambie asikate hiyo mti."

"Mwambie mimi sikati. Fundi ndiye anakata."

"Muulize fundi anatumwa na nani."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa leso ili asicheke mbele ya mkwe, ingawa mkwe alikuwa mbali naye milima na mito. "Mwambie nitangoja mpaka fundi akuje. Sikukataa kungoja."

"Mwambie asante. Mwambie amezaa kijana mzuri."

"Mwambie hiyo nayo najua."

Wakaendelea hivyo dakika kumi, kila sentensi ikipitia kwangu bila kunihitaji. Nilisimama pale nimeinua simu kama kinara cha taa, na sikumbuki mara nyingine niliyofurahi kuwa sina kazi kiasi kile.

Jumamosi moja ya Agosti niliegemeza ngazi, nikaanza. Kupurura ni kazi ya kidole gumba: unashika tawi penye shina na kuvuta kuelekea ncha, majani yanakuja kwa mlio wa kitambaa kinachochanika. Mwanzoni nilikuwa nikivuta polepole, kwa huruma. Kufikia tawi la kumi nilikuwa nikiimba. Jirani mmoja, mwanamke wa rika la mama mkwe, alipita njiani na kikapu chake akitoka kupeleka majani chai, akasimama.

"Haiya! Mama, huyu mwalimu amewaletea miraa ya Meru huku? Muguka yetu ya Embu haiwatoshi kutafuna?"

"Wacha yeye," alisema mama mkwe kutoka zizini. "Kwao mti ikikosea inavuliwa nguo."

"Na mtu akikosea?"

"Mtu anaozwa Embu."

Nilicheka nikaishikilia ngazi kwa mikono miwili. Jirani naye alilazimika kutua kikapu.

Nilipomaliza, mti ulikuwa fito zinazochoma ukungu, na majani yalikuwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Mama mkwe aliyakusanya ili awatupie ng'ombe, lakini nikakataa, maana nilikuwa nimesoma kwamba majani ya plamu yanayonyauka huwadhuru wanyama. "Hata majani yenyewe hayana kazi," akasema, akayafagia hadi kwenye shimo la takataka.

Septemba ilikuwa ndefu. Kila Jumamosi nilipanda kule juu, na kila Jumamosi nikakuta fito zilezile. Wageni sasa waliuliza mti umekufa lini. Jumamosi ya tatu nilivaa miwani ya kusomea nikachunguza tawi moja kifundo kwa kifundo. Vilikuwa vimevimba kidogo, lakini kifundo kitakachotoa jani na kitakachotoa ua hufanana vikiwa vidogo, na sikuweza kusema ni kipi ninachokitazama. Nilimuuliza baba kwa simu. Akasema miraa haina shida hiyo, kwa sababu kwenye miraa hakuna anayengoja ua. Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku ya fundi.

Nilitoka Majimbo mapema siku hiyo, lakini fundi alinitangulia. Nguzo zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, na kamba yake ilikuwa tayari imefungwa kwenye vigingi. Niliifuata ile kamba kwa macho kutoka pembe ya zizi la zamani. Ilishuka moja kwa moja kuelekea kwenye mplamu, na ilipobakisha hatua tatu kuufikia, ikakata kona, ikauzunguka.

Fundi alikuwa amejishika kiuno. "Mama, hii zizi itakuwa na pembe tano. Mimi sijawahi kujenga zizi ya pembe tano."

"Leo utajenga."

"Na mabati je? Mabati ni ya mraba."

"Si una makasi? Kata." Kisha akanigeukia na kunieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kitaalamu, kwamba mkojo wa ng'ombe hutiririka vizuri zaidi ukipita upande ule mwingine, na kwamba amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu.

Nilikwenda nyuma ya mti. Kwenye tawi la chini, upande usioonekana kutoka njiani, kulikuwa na maua manne meupe, madogo kuliko nilivyoyatarajia, yametoka moja kwa moja kwenye gome tupu. Nyuma ya tawi, mtu alikuwa amechomeka kijiti ardhini na kukifunga kipande cha gunia, ili upepo unaotoka msituni usiyafikie.

"Mama," niliita, "umeyaona lini?"

"Nini?"

"Maua."

"Ah, hayo." Alikuwa akimshikia fundi ncha ya futi. "Jumatano asubuhi, nikitoka kukamua. Yalikuwa mawili. Jioni yakawa matano. Moja ikaanguka Alhamisi, nikaweka gunia."

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande, na sketi yangu ya kwendea mjini, nikalia na kucheka kwa pamoja. Fundi alimuuliza mama mkwe kama mimi ni mzima. "Ni mwalimu," akajibiwa.

Maua mengine yaliyafuata yale manne, na mwezi wa Januari tulichuma plamu kumi na saba. Zilikuwa za zambarau nzito, zenye vumbi jeupe linalofutika kwa kidole, na ganda lake lilikuwa chachu kiasi cha kufumbisha jicho kabla ya utamu wa ndani kukufikia. Mama mkwe alichagua sita zilizo bora, akazifunga katika kitambaa safi na kuniagiza niwapelekee watu wa kwetu. Baba alikula moja akiwa amesimama, akakunja uso mzima, akaikodolea macho ile kokwa. "Mwambie muthoni ni kali," alisema, akachukua ya pili.

Mwaka huu Agosti ilinikuta na mitihani ya kusimamia, nikachelewa kupanda kule juu kwa wiki mbili. Nilipofika, niliona mti kabla ya kuona nyumba. Kuanzia chini mpaka mahali fulani ulikuwa mtupu kabisa, umepururwa safi kila tawi. Kutoka mahali hapo kwenda juu ulikuwa umejaa majani kama kawaida. Mpaka ulikuwa umenyooka pande zote, na niliutambua. Ulikuwa ni urefu wa mama mkwe akiwa amesimama juu ya kigoda na kunyoosha mikono.

Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, akiosha vidole vya kijani kwa majivu na maji ya moto.

"Mti haingojei mitihani," alisema. "Ngazi iko pale. Ya juu nimekuachia."