Zamu ya Baba

Msikie Mama Pasi akiwa kazini: fshii, kunja, fshii, kunja, basi. Jamani, huyu ndiye aliyekuwa anachekesha wateja wa duka la dobi mpaka wanasahau chenji! Siku hizi mwambie shati limeungua, atasema "haya." Mwambie amependeza, "haya."

Ni tangu mumewe afariki. Mume alikuwa mapokezi hotelini, anapiga soga na wageni wa kila lugha, na nyumbani wakawa na mchezo wao wa mezani. Unaleta neno letu ambalo wengine nao wanalo, ila kwao ni kitu kingine kabisa. Moto, kwa Wafaransa, ni pikipiki! Tatu, kwa Wareno, ni mnyama mwenye gamba gumu mgongoni. Zamu moja kila siku: baba, mama, binti. Ukishindwa kubahatisha, vyombo vyako. Kelele za nyumba ile, usiombe!

Sasa kasheshe: baba alifariki zamu ikiwa yake. Mchezo ukakwama hapohapo. Nani amruke? Mama na binti wanakula huku wanaangalia sahani. Binti kachoka na huo ukimya, kashampigia shangazi yake aje kumchukua Jumamosi, akaishi kwake. Alipomwambia mama, akajibiwa nini? Mshajua.

Alhamisi akaja mteja Mjapani kuchukua mashati. Akaona bango la duka la jirani, KUKU, akacheka peke yake. Mama Pasi hata hakuuliza. Mjapani akajieleza mwenyewe: kwao kuku ni jedwali la kuzidisha, lile watoto wanalokaririshwa shuleni.

Mama Pasi akampa mashati yake. Hakusikia raha wala uchungu. Ila njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile lilimkaa mdomoni kama pipi iliyoisha utamu.

Mezani akasema, "Kuku."

"Kuku gani, mama? Leo maharage."

"Nasema kuku. Kwa Wajapani."

Binti akaweka kijiko chini. "Ni zamu ya baba."

"Najua. Namchezea. Unavyomjua, angeweza kungoja hivi?"

Binti akakiokota tena kijiko, akakizungusha kwenye maharage. Halafu, kwa sauti ndogo, "Ni kofia?"

"Kofia! Jedwali la kuzidisha."

"Mama, acha kamba!"

"Kamuulize Mjapani. Vyombo vyako. Kesho zamu yangu, Jumamosi yako."

Binti akamwangalia. Akakusanya sahani, akaingia jikoni, akafungulia maji. Mama Pasi akamsikia anaongea na simu.

"Shangazi, shikamoo. Jumamosi usije kwanza. Hapana, siumwi. Nina zamu."

Mama Pasi akangoja kidogo aone kama kitu kitamgusa ndani. Wapi. Akachukua kitambaa, akaenda kusimama pembeni ya binti yake, akaanza kufuta sahani.

"Mama, nimeahirisha kwenda."

"Haya," akasema, akanyoosha mkono kupokea sahani nyingine.